Sindano za insulini za paka: nimejaribu aina sita, moja ilitaka kuniulia Zege

Kabla hujaniuliza, ndiyo, paka anaumwa kisukari. Na ndiyo, anachomwa insulini asubuhi na jioni, sikukuu na siku za misiba. Nimeshachekwa vya kutosha, fundi wangu wa nguo alicheka mpaka akajichoma kidole, kwa hiyo hilo tulimalize hapa hapa tuingie kwenye sindano maana ndo kilichonileta.

Paka mwenyewe anaitwa Zege. Nilimwokota kwenye banda la chipsi Sinza akiwa wa kuenea kwenye kiganja, kajilaza pembeni ya jiko anasubiri mayai yadondoke, na chipsi mayai si ndo zege, jina likapatikana pale pale. Sasa hivi ana miaka kumi na moja, dume, kahasiwa, na alifika kilo saba na nusu kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inamlisha kwa siri, kila mtu anajua ni yeye peke yake anayempa. Mwaka jana akaanza kunywa maji kama katoka jangwani, beseni lake la mchanga likawa linalowa kama kuna mtu kamwagia ndoo, anakula vizuri tu ila mgongo unazidi kuonesha mifupa, halafu miguu ya nyuma akawa anakanyagia kisigino kama sungura. Dokta wa mifugo akampima, sukari 26. Mi nikasema mashine mbovu, akapima tena, 25.

Akamwanzishia Lantus, insulini ya binadamu hii hii, yuniti moja kila baada ya masaa kumi na mbili. Saa yetu ya Kiswahili hapo imenibeba sana, saa moja asubuhi na saa moja jioni, hamna cha kupigia hesabu. Kwenye karatasi akaandika "Lantus" na chini yake "sindano za insulini". Basi. Hakuandika sindano zipi na mi sikuuliza, nilidhani sindano ni sindano.

Ngoja kwanza nieleze hiyo yuniti moja ni kitu gani, maana usipoielewa hutaelewa kwa nini nalalamika kurasa nzima kuhusu kitu cha shilingi mia tano. Lantus imeandikwa yuniti 100 kwa kila mililita. Kwa hiyo yuniti moja ni mililita 0.01. Chukua tone moja la kawaida la maji, lile la koki inayovuja usiku inakunyima usingizi, ligawe mara tano, kipande kimoja ndo dozi ya Zege. Na dokta akitaka kumpandisha au kumshusha hapandishi yuniti tano kama mtu mzima, anapandisha nusu, saa nyingine robo. Sasa hebu nenda kapime robo ya moja ya tano ya tone kwa kukadiria macho, halafu mgonjwa mwenyewe anakung'ata.

Sindano ya kwanza niliyouziwa ilikuwa ya mililita moja, ile ya kuchomeka, yaani bomba liko peke yake na sindano iko peke yake unapachika mwenyewe. Ziko kila famasi, bei rahisi, na kwa paka hazifai, nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Bomba limeandikwa mpaka 100, ukiliona unasema mistari ipo ya kutosha, ila hesabu vizuri: kila mstari ni yuniti mbili. Yuniti moja haina mstari. Iko kati ya sifuri na mstari wa kwanza, hapo katikati hewani, unakisia. Halafu pale sindano inapokutana na bomba kuna kishingo cha plastiki, mle ndani kinabaki kinafasi ambacho hata ukisukuma mpaka mwisho dawa haitoki, na inayobaki mle ni nyingi kuliko dozi nzima ya paka. Kwa mtu anayechoma yuniti 40 hasara hiyo haimuumi sana. Mi nilikuwa namchoma Zege yuniti moja naenda kutupa yuniti kadhaa jalalani, kila siku mara mbili, kwa bei ya Lantus unavyoijua. Povu la hewa nalo linapenda kujificha kwenye hicho kishingo, na kwa dozi ndogo hivi povu la ukubwa wa kichwa cha pini si povu tena, ni sehemu ya dozi umekosa kutoa.

Nikaja ya pili, ambayo ni ya mama mkwe. Mama naye ana sukari mwaka wa tisa huu, tunaishi naye, anachoma Mixtard yuniti 24 asubuhi na 14 jioni na hataki msaada wa mtu. Alivyoniona nahangaika akanihurumia, akanipa pakiti yake ya mililita moja ambayo sindano imeungana na bomba moja kwa moja. Hiyo hainyonyi dawa, haina kishingo, sindano nyembamba, na kwa mama ni sindano safi kabisa. Kwa yuniti 24 mstari mmoja kwenda juu au kushuka hauleti balaa. Ila mistari ni ile ile, mbili mbili.

Wiki tatu hizo sukari ya Zege ilikuwa inacheza rede. Leo 9, kesho 22, kesho kutwa 14. Dokta akaniuliza kama namlisha pembeni, nikaapa, akauliza kama naiweka Lantus kwenye friji, nikasema ndiyo, mlangoni tena mbali na friza. Akasema basi njoo na sindano unayotumia nione. Alivyoiona akacheka, akasema dada hii ni ya kuchomea tembo.

Nikarudi home nikafanya jaribio langu la kihuni, na nawashauri wote mlifanye kabla hamjabisha. Nilichukua rosela iliyobaki kwenye jagi, ile nzito nyekundu, nikachukua sahani nyeupe. Nikavuta "yuniti moja" kwa sindano ya mililita moja mara kumi, kila mara najitahidi kabisa, miwani machoni, tochi ya simu pembeni, na kila mara natoa tone kwenye sahani nalipanga mstari. Yalivyoisha matone kumi nikaita watu waje waone. Kuna moja kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kuna mengine kama punje ya mchele, na mawili hata hayakuwa matone, ni alama tu ya unyevu. Yote hayo kwa akili yangu ni yuniti moja. Mama mkwe akaiangalia sahani, akaniangalia mimi, akasema, "Ndo ulikuwa unamchoma hivi huyu kiumbe?" Sikuwa na jibu.

Ya tatu ni ya nusu mililita, yaani yuniti 50, mistari ni ya yuniti moja moja. Hii nilizunguka nayo Kariakoo famasi kama tano hivi ndo nikaipata, wengi walikuwa wananiletea ya mililita moja wananiambia "hizi ndo ndogo". Bomba lake ni jembamba zaidi kwa hiyo mistari imeachana kidogo, yuniti moja unaiona kwa macho, ina mstari wake, hukisii. Siku nne tu sukari ikaanza kutulia. Tatizo lake dozi ikiwa moja na nusu unarudi kulekule kwenye kukisia, lakini angalau unakisia katikati ya mistari miwili inayoonekana. Kama umekosa kabisa ya mililita 0.3, ambayo nitaifikia huko mbele, hii itakuvusha. Sita na nusu kwa kumi.

Sasa ya nne, kofia nyekundu.

Zile za nusu mililita ziliniishia Jumamosi jioni. Wakati huo dozi ilikuwa imepanda, yuniti mbili. Nikatoka mbio kwenye duka moja la dawa, sitalitaja, kijana wa pale akaniambia za nusu mililita anazo, akanipa kumi zimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Za mwanzo zilikuwa na kofia ya rangi ya chungwa, hizi nyekundu. Nikamuuliza mbona rangi tofauti, akasema, "Ni zile zile dada, kampuni tu." Nikaamini. Saa moja ilikuwa inakaribia, nikarudi, nikavuta mpaka kwenye mbili, nikachoma, nikaosha vyombo.

Saa sita kasoro usiku nikasikia kitu kinagonga mlango wa kabati, tok, tok, kama mtu anabisha hodi taratibu. Alikuwa Zege. Amesimama kwenye kona anasukuma mlango kwa kichwa, miguu imetanuka kama mbuzi aliyezaliwa leo, macho meusi yote, hamna duara la kijani hata kidogo, nikimwita hageuki. Nikamnyanyua, akawa mzito na mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Nikamtoboa sikio nikapima, 2.3. Mikono ilikuwa inanitetemeka mpaka kile kijiti cha mashine kikadondoka mara mbili. Mama mkwe ndo aliyeamka na akili, yeye sukari kushuka anaijua mwilini mwake, akaja na glukosi na asali, akaniambia usimmiminie mdomoni atapaliwa, mpake kwenye fizi. Nikampaka kwa kidole, fizi, shavu la ndani, tena, tena. Nikampigia dokta, akapokea, Mungu ampe maisha marefu, akasema endelea kupaka, akiweza kumeza mpe chakula, mpime kila baada ya robo saa, akianza degedege njoo hata kama ni saa nane usiku. Saa saba na nusu akalamba kidole mwenyewe. Saa nane akala dagaa. Tukakaa naye mpaka adhana ya alfajiri maana Lantus haiishi haraka, ukimpandisha anaweza kushuka tena, na alishuka tena mara moja.

Asubuhi dokta akaniambia soma kwenye bomba, herufi kwa herufi. Yale mabomba yalikuwa yameandikwa U-40.

Hapa ndo nataka usome taratibu. Insulini haina nguvu moja. Insulini za binadamu tunazouziwa huku, Lantus, Mixtard, Insulatard, Actrapid, ni yuniti 100 kwa mililita, na sindano yake ni ya U-100, mara nyingi kofia ya chungwa. Halafu kuna insulini za yuniti 40 kwa mililita, na sindano yake ni U-40, kofia nyekundu. Dawa za wanyama ndo ziko huko, Caninsulin ambayo Marekani inaitwa Vetsulin, na ProZinc. Zamani hata binadamu walitumia hizo za 40, Uingereza wamehamia 100 mwaka 1983, na India za 40 za watu bado zinauzwa sana mpaka leo. Vifaa vyetu vingi vinatoka India, kwa hiyo usishangae kukutana na kofia nyekundu kwenye duka la kawaida kabisa.

Mistari ya sindano ya U-40 imechorwa kwa ajili ya dawa nyepesi. "Mbili" ya kwake ni mililita 0.05. Mililita 0.05 ya Lantus ni yuniti tano. Yaani mi nilimpa Zege mara mbili na nusu ya dozi yake, na nilikuwa nimesoma mstari sawasawa kabisa, sikukosea hata kidogo. Na ukigeuza, dawa ya 40 kwa sindano ya 100, mnyama anapata chini ya nusu, hafi usiku huo ila sukari haishuki wiki nzima na dokta anaendelea kukupandishia dozi bila kujua, halafu siku ukipata sindano sahihi unamuua.

Kuna hesabu inazunguka mtandaoni kwamba kama una Caninsulin na umekosa sindano ya 40, tumia ya 100 na zidisha mara 2.5, yuniti mbili unavuta mpaka kwenye tano. Hesabu yenyewe ni sahihi. Wengine wanaipenda maana mistari ya U-100 inawapa nafasi ya kupima vidozi vidogo zaidi. Mi nasema kama dokta wako kakaa na wewe mkaiandika kwenye karatasi mkaibandika kwenye friji, sawa. Kama umeisoma tu mahali na nyumbani anayechoma siku nyingine ni dada wa kazi au mtoto wa form two, achana nayo. Na huo upande mwingine wa kugawa, wa Lantus kwenye kofia nyekundu, usiufikirie hata kwa mzaha.

Rangi ya kofia nayo isikudanganye, ni dalili tu. Soma kwenye bomba lenyewe, imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya mistari, U-100 au U-40, halafu soma kwenye chupa, vikilingana ndo uchome. Zile kumi nilizirudisha dukani, yule kijana akaniambia pole, akazirudisha kwenye droo ile ile. Ilibidi nisimame pale niongee mpaka mwenye duka akatoka.

Baada ya hapo nikataka kukimbilia peni, ile SoloStar ya Lantus, unazungusha namba unabonyeza, hamna mistari hamna kofia. Kwa mtu ni nzuri. Kwa paka, kwanza inaenda yuniti moja moja, nusu haipo. Pili kabla ya kila sindano wanataka utoe yuniti mbili za kujaribu kama inatoka, sasa dozi ni moja na majaribio ni mawili, unamlisha nani? Tatu ukishabonyeza unatakiwa ushikilie ukihesabu mpaka kumi. Nikamwambia dokta nitajie paka mmoja atakayetulia akasubiri nihesabu mpaka kumi. Ndo tukakubaliana peni niifanye kama chupa, navuta dawa kwa sindano kupitia kile kiraba cha mbele, bila kuingiza hewa ndani. Mtengenezaji hajaisema hivyo, hilo ni kati yangu na dokta wangu, wewe ongea na wako. Chupa ya mililita kumi ni rahisi zaidi kuvutia ila kwa paka mmoja unaitupa ikiwa karibu imejaa, kwenye karatasi yake wameandika siku 28 tangu uifungue.

Ya tano na ya sita zimekuja kwa shemeji yangu aliyeko Uingereza, ambaye nilimpigia simu usiku ule ule nikilia akadhani mama kafariki. Alituma boksi mbili tofauti ili nichague. Zote ni mililita 0.3, yaani bomba zima ni yuniti 30 tu, na zote U-100.

Ya tano ina sindano ya milimita 6, geji 31. Geji namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, watu wengi wanadhani kinyume. Hiyo 31 ni kama unywele, Zege alikuwa hajui hata kama kachomwa. Ila sita ni fupi. Ngozi ya paka ukiivuta inasimama kama hema, unachoma chini ya hema, na yeye ana manyoya mazito sehemu za mbavuni, mara tatu ndani ya wiki moja nilimaliza kuchoma nikakuta manyoya yamelowa. Utajuaje? Papasa halafu nusa kidole, insulini ina harufu kama ya plasta ya kidonda, ukiinusa mara moja huisahau. Na ikishatokea hivyo usimchome tena kufidia, hujui iliyoingia ni kiasi gani, bora sukari ipande mpaka zamu ijayo kuliko ile stori ya kabatini. Kama paka wako ana manyoya mafupi na amekonda, ya 6 inaweza kukufaa. Kwangu imebaki ya akiba.

Ya sita ndo niliyoolewa nayo. BD Micro-Fine Plus Demi, mililita 0.3, milimita 8, geji 30. Kwenye boksi siku hizi unaweza kukuta neno embecta, usidhani feki, BD walitenganisha biashara ya kisukari ikawa kampuni yake tangu 2022. Hilo neno Demi ndo la kulitafuta, maana ya 0.3 ipo ya mistari ya yuniti moja moja na ipo ya nusu nusu, na maboksi yanafanana kama mapacha. Shemeji mara ya pili alinunua isiyo ya nusu, shilingi na nauli zikaenda hivyo.

Bomba lenyewe ni jembamba kuliko kalamu ya biki, na kwa sababu ni jembamba, yuniti moja imepata urefu, ukilishika kwenye mwanga unaona kabisa raba imepanda kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, na katikati kuna kamstari kafupi ka nusu. Moja na nusu unaiona. Hata robo unaweza kuiweka, raba ikiwa katikati ya kamstari na mstari. Nilirudia jaribio la rosela, matone kumi, yalipangana kama shanga. Si sawa kabisa, nisidanganye, mawili yalizidi kidogo, lakini mama mkwe alikaa kimya na kwa mama mkwe kukaa kimya ni cheti.

Kitu kimoja kilinichukua muda kugundua: ile raba nyeusi ina duara mbili, ya mbele karibu na sindano na ya nyuma. Unasoma ya mbele. Nilikuwa nasoma ya nyuma wiki nzima ya kwanza na sindano za kuchomeka, hata sijui nilikuwa nampa nini. Na usome bomba likiwa usawa wa jicho, si ukiliangalia kutoka juu. Mistari ya nusu ni midogo, kama umevuka arobaini utahitaji miwani, mi napiga picha kwa simu naikuza, nikiridhika ndo nachoma. Povu likiwepo gonga bomba kwa kucha lipande, rudisha dawa, vuta tena.

Milimita 8 inapita manyoya vizuri na haitokezi upande wa pili. Maana zile za mililita moja za mama zilikuwa na 12.7, nikibinya hema dogo sindano inaingia huku inatokea kule, namchoma hewa na kidole changu. Sasa hivi namchoma ubavuni, leo kulia kesho kushoto, akiwa na uso kwenye bakuli, namaliza hajamaliza samaki wa tatu.

Kasoro zake: bei ukijumlisha na kusafirisha inauma, na hapa mjini sijaipata ya Demi kwenye famasi yoyote niliyoingia, ya 0.3 ya kawaida nimeiona mara moja tu. Ndo maana watu wanashawishika kuirudia sindano moja mara nne tano. Mama mkwe anarudia ya kwake na hashauriki. Kwa Zege nilijaribu kurudia siku ya shida, ya pili tu akaruka. Ncha inajikunja kidogo sana, macho hayaoni ila ngozi inaona, ule utelezi waliopaka unaisha, na ukiirudisha kwenye chupa unaingiza uchafu kwenye dawa yote. Moja kwa zamu moja, nimejitahidi kubaki hapo.

Zikishatumika naziweka kwenye dumu la sabuni ya maji, lile gumu, likijaa nalifunga kifuniko na gundi nalipeleka kliniki kwa dokta wanaziteketeza kwa moto pamoja na za kwao. Usitupe kwenye mfuko wa taka. Taka za Dar zinaishia Pugu Kinyamwezi na kuna watu wanazichambua kwa mikono kutafuta chupa.

Alama basi: Demi ya milimita 8 tisa kwa kumi, hiyo moja nimeikata kwa upatikanaji. Ya milimita 6 saba. Nusu mililita nimeshasema. Mililita moja ya kuungana ibaki kwa mama, na ya kuchomeka sitaki kuiona ndani kwangu. Ya kofia nyekundu haina kosa lolote yenyewe, ni sindano nzuri kwa mwenye Caninsulin, kosa ni kuikuta pembeni ya Lantus. Kwenye friji yangu sasa hivi dawa ya mama na sindano zake ziko rafu ya chini, za Zege ziko mlangoni kwenye kopo limeandikwa kwa maka PAKA, maana kuna asubuhi mama alikuwa keshashika peni ya Zege.

Zege yuko kwenye yuniti moja na nusu, kilo sita, amerudi kukanyaga kwa vidole na jana kapanda juu ya friji mwenyewe. Boksi lililopo limebaki na sindano 23. Shemeji anakuja mwezi huu mwishoni, nimemwambia apige picha boksi anitumie kabla hajalipa.